Kuchagua gari ya mkononi ya kupiga safari nyingi ukiwa Tanga, kwa bajeti ya kawaida

Kama kazi yako ni ya kutoka Tanga mjini alfajiri, unapita Muheza, Segera, unaingia Korogwe, siku nyingine Handeni, siku nyingine unapandisha Lushoto kupitia Mombo, na ukirudi nyumbani ushakata kilometa 200 na ushee, basi gari unayoitafuta sio ile ya jirani yako anayeenda nayo sokoni Ngamiani na harusini wikiendi. Yeye gari yake ikila mafuta kidogo zaidi haoni kitu, ikiwa na gia boksi inayoshtuka shtuka inaweza kumaliza miaka miwili bila kumsumbua. Wewe ndani ya miezi mitatu umeshamaliza kilometa ambazo yeye anazitembea kwa mwaka mzima, kwa hiyo kila ugonjwa uliojificha kwenye hiyo gari utakutokea wewe, na utakutokea njiani.

Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa mauzo, wasambazaji wa dawa na vipuri, wanaofuata machungwa Muheza, mafundi wa umeme wanaozunguka wilayani, watu ambao gari ikilala gereji wiki moja na kipato kimelala. Na naongelea bajeti ya kawaida, tuseme una milioni 14 mkononi na hutaki mkopo.

Anza na hesabu ya mafuta kabla hujaangalia picha hata moja

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza gari shilingi ngapi. Kwa mtu wa safari nyingi swali la kwanza ni kilometa moja itanigharimu shilingi ngapi, maana bei ya kununua unailipa mara moja ila kilometa unazilipa kila siku.

Chukua karatasi. Tuseme unatembea kilometa 3,000 kwa mwezi, na lita ya petroli tuiweke 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi utaiona kwa EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Tanga huwa haifanani na ya Dar). Gari inayokwenda kilometa 10 kwa lita itakunywa lita 300 kwa mwezi, yaani laki 9. Gari inayokwenda kilometa 15 kwa lita itakunywa lita 200, laki 6. Tofauti ni laki 3 kila mwezi, na kwa mwaka ni milioni 3 na laki 6. Sasa ukiambiwa kuna Crown au Mark X nzuri imeshushwa bei milioni 2 kwa sababu mwenyewe ana shida ya hela, hiyo milioni 2 uliyookoa itakuwa imerudi sheli kabla mwaka haujaisha, na bado hujanunua hata pedi za breki. Gari zile ni nzuri, zimetulia barabarani, sibishi, ila si za mtu anayehesabu lita.

Afu hapo hapo gawanya hela yako. Ile milioni 14 usiitafutie gari ya milioni 14. Tafuta gari ya milioni 11 na nusu hivi, laki 5 iwe ya uhamisho na bima, milioni 2 ikae pembeni kabisa ya kuiweka gari sawa siku ya kwanza. Hata kama gari ni nzuri kiasi gani, ukishaitoa kwa mtu utabadilisha vitu, na ukiwa umeshamaliza hela yote utaiendesha hivyo hivyo na matairi mabovu na oili ya mwenzio ya mwaka juzi, na hiyo ndo inavyoua injini nzima.

Aina gani ya gari

Hapa nasema ninavyoona mimi. Kwa bajeti hii na kwa barabara zetu, tafuta Toyota yenye injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500. Iko kwenye IST ya cc 1,500, kwenye Fielder na Runx, Premio na Allion za cc 1,500, Spacio, Raum, Probox na Succeed. Sababu yangu ni kwamba injini ni moja kwenye gari zote hizo, kwa hiyo spea zake zimejaa, hata ukiharibikiwa Korogwe saa 12 jioni fundi wa pale ameshaifungua mara nyingi na plagi, pampu ya maji, koili, vyote utavipata bila kusubiri basi lilete kutoka Dar. Pia inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, haina ule wasiwasi wa mkanda kukatika njiani. Cheni nayo inachakaa, hasa kwa aliyekuwa anachelewesha oili, ila huwa inakupa dalili, utasikia inakwaruza asubuhi ukiwasha.

Kati ya hizo, kwa anayebeba mzigo kidogo na kutembea sana mimi nampeleka kwenye Probox, Succeed au Fielder. Probox haina uzuri wa kuringia lakini springi za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo, siti ya nyuma inalala ikawa sakafu, na vitu vya kuharibika ni vichache. Kama ni wewe na begi lako na sampuli za biashara tu, Premio au Allion ya cc 1,500 itakutunza mgongo zaidi kwenye safari ya Tanga na Dar, ambayo ni kilometa kama 350 kwenda peke yake. Vitz na Passo za cc 1,000 zinabana mafuta kweli, lakini ukipandisha Mombo kwenda Lushoto na watu wanne na mizigo injini inalia muda wote, sasa ukifanya hivyo kila wiki ile nafuu ya mafuta inaishia kwenye injini.

Za kukaa nazo mbali kwa kazi hii ni Premio na Nadia zenye injini ya D-4, utaona imeandikwa hivyo juu ya injini. Mfumo wake wa mafuta ni wa presha kubwa, pampu na nozeli zake ni ghali, mafundi wengi hawazitaki. Na zile za cc 1,800 zenye injini ya 1ZZ za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinajulikana kwa kula oili, ukiipata moja ambayo haili ni bahati, lakini mtu wa kilometa 3,000 kwa mwezi asiishi kwa bahati.

Kuhusu gia boksi. Fielder ya zamani, ile yenye kodi ya modeli NZE121, Premio ya NZT240, IST ya kwanza na Probox ya kwanza zina otomatiki ya kawaida ya gia 4. Fielder iliyofuata, NZE141, na Premio ya NZT260 nyingi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT inabana mafuta vizuri kwenye lami ndefu, lakini inataka oili yake maalumu na ikifa gharama yake inaumiza. Kama huwezi kuthibitisha imetunzwaje, chukua gia 4 ya kawaida, au manyuo (gia ya mkono) ukiipata, Probox za manyuo zipo na ni gari za kazi haswa.

Haibridi, zile za mafuta na betri, wengi wananiuliza. Zinabana mafuta, ni kweli, ila faida yake kubwa iko kwenye foleni za mjini ambako unasimama na kuondoka, na Tanga foleni hatuna. Kwenye lami ya Segera faida inapungua, na betri kubwa ikichoka utatafuta fundi wake kwa tochi.

Mkononi au kuagiza

Kuagiza Japani kunakupa gari ambayo haijaonja mashimo yetu, ila gari iliyozidi miaka 8 inalipiwa ushuru wa uchakavu, na kodi zote ukijumlisha mara nyingi zinakaribia bei ya gari yenyewe au kuipita. TRA wana kikokotoo mtandaoni, ingiza aina na mwaka uone kabla hujamtumia mtu hela. Kwa milioni 14 utabanwa, utajikuta unapata gari ndogo kuliko uliyotaka. Kwa hiyo wengi tunaishia kwenye ya mkononi, na sehemu kubwa iliyobaki nazungumzia hiyo.

Na usidanganyike na namba. Mtu atakwambia "hii ni namba E, mpya kabisa." Herufi za plate zinaonyesha iliandikishwa lini hapa nchini, hazisemi imetengenezwa lini. Kuna namba E ya mwaka 2004 na kuna namba C iliyotunzwa vizuri kuliko hiyo. Mwaka uko kwenye kadi, na ukitaka kuhakikisha vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo, gari nyingi za Kijapani zina mwaka wa kutengenezwa pale. Mikanda yote ikisoma mwaka mmoja ni vizuri, mmoja ukiwa tofauti na wenzake uliza kwa nini ulibadilishwa, maana mara nyingi jibu ni ajali.

Karatasi kwanza, fundi baadaye

Kabla hujalipa nauli ya fundi, omba kuona kadi yenyewe, kopi haitoshi na picha ya WhatsApp haitoshi. Kadi nyingi siku hizi ziko kwa wakopeshaji, mtu amekopa kaweka kadi, sasa anakuuzia gari anakwambia kadi iko nyumbani kwa shemeji Dar. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake kilingane. Kama kadi ina jina la mtu wa tatu ambaye "alisafiri", usitoe hata senti ya kishika uchumba.

Angalia namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari yenyewe, mara nyingi iko ukutani nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele, herufi kwa herufi. Ukiona imekwaruzwa au kuna dalili ya kuchomelewa, ondoka. Faini za barabarani zinaangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, fanya mwenyewe kwenye simu palepale, madeni ayamalize yeye kabla ya mkataba.

Kwa sisi wa Tanga kuna mitego miwili ya ziada. Gari zenye namba za Zanzibar zinazovuka na boti au meli, bei yake tamu lakini ukitaka kuiandikisha huku bara kuna kodi ya kulipia. Na gari zenye namba za Kenya zinazopita Horohoro, hizo kuzinunua kienyeji ni kujitafutia kesi. Vilevile gari iliyoingia kwa msamaha wa kodi, za mashirika na miradi, haihamishwi jina mpaka kodi ilipwe, na atakayedaiwa ukishanunua ni wewe.

Chumvi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kitu ambacho miongozo ya watu wasiokaa pwani haikisemi. Gari iliyoishi Raskazone, Sahare, au Pangani kwa miaka inaliwa na hewa ya bahari taratibu, na gari iliyobeba samaki inaliwa haraka. Probox na Succeed nyingi za pwani zimebeba samaki wa barafu. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapita chini ya kapeti, yanatuama kwenye shimo la tairi ya spea, na mwenyewe anaosha gari kwa nje inang'aa.

Unafanya hivi. Fungua buti, toa kila kitu, inua kapeti, inua kifuniko, toa tairi ya spea nje kabisa hata kama mwenye gari anakunja uso. Pitisha kidole kwenye kona za lile shimo na kwenye maungio ya bati. Kutu ya juu juu ya rangi ya chai si tatizo, inasuguliwa inapigwa rangi. Ukibonyeza kwa nguvu na bati likalia krach, au likabonyea kama gome la mnazi uliooza, au ukaona lami nyeusi mpya imepakwa sehemu moja tu, hiyo gari imeoza na mtu amefunika. Nusa pia, harufu ya samaki inaisha juani lakini kwenye sponji ya chini ya kapeti inakaa miaka.

Kisha lala chini. Kweli, tandika boksi ulale. Angalia nguzo za pembeni chini ya milango, sehemu shokapu za nyuma zinapofungwa, mabomba ya breki yanayopita chini, na sailensa. Mabomba ya breki yenye magamba ya kutu ni ya kubadilisha kabla ya safari ya kwanza. Na gari iliyotoka moja kwa moja Japani nayo ikaguliwe chini, zile zilizotoka sehemu za baridi kali kama Hokkaido zimetembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji, unaweza kukuta juu imetulia na chini ni kutu tupu.

Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji unakuja saa 12 na nusu asubuhi na asiiwashe. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto tayari ameiwasha kwa sababu, rudi kesho. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta (baridi tu, ikiwa moto itakuunguza uso). Maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), kijani au nyekundu. Yakiwa ya kahawia kama matope gari imeishi kwa maji ya kisima, na maji yetu ya pwani yanaitafuna rejeta na pampu kwa ndani. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, au ukifungua kifuniko cha oili ukakuta uji mweupe mweupe chini yake, kuna uwezekano mkubwa gasket ya silinda hedi imekwenda. Hiyo iache hata ukipunguziwa milioni 2.

Vuta dipstiki. Oili ikiwa chini ya alama na mwenyewe anasema ameifanyia sevisi wiki iliyopita, ama anadanganya ama injini inakula oili, na kwako yote mawili ni mabaya. Halafu mwombe mwenzako asimame nyuma ya sailensa, washa. Moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweusi ni mafuta yanazidi, mvuke mweupe wa dakika moja mbili asubuhi ni kawaida lakini ukiendelea injini ikiwa imepata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Iache inguruma dakika 10 ikitulia, kisha kanyaga mafuta mara moja uachie, angalia tena moshi.

Wakati unawasha tazama dashibodi. Taa ya cheki injini lazima iwake ukifungua swichi kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, wametoa balbu au wameiziba.

Kuhusu kilometa zilizoandikwa, chukulia zimerudishwa mpaka ithibitike vinginevyo. Gari inayosoma 90,000 haiwi na raba ya pedo ya breki iliyolainika mpaka chuma, usukani unaong'aa kama umepakwa mafuta, na siti ya dereva iliyobonyea upande wa mlango. Gari ya miaka 18 yenye kilometa 220,000 za kweli, za lami ndefu, imetunzwa, mimi naichukua kabla ya hiyo ya 90,000 ya uongo.

Iendeshe mpaka Muheza

Kuzunguka na gari Chumbageni dakika 10 hakukupi kitu, mji wetu ni tambarare na gari hata ikiwa mgonjwa itapita. Mwambie muuzaji mafuta unaweka wewe, twende mpaka Muheza na kurudi, kilometa kama 40 kila upande. Anayekataa safari hiyo amekujibu.

Kabla hujaondoka, kanyaga breki, toa P weka D, kisha R. Iingie ndani ya sekunde moja bila kupiga teke. Barabarani tumia vile vibao vya 50 vya vijijini, ukishatoka kwenye 50 kanyaga kwa nguvu kidogo mpaka 80, usikie gia zinabadilika bila injini kunguruma kwanza halafu gari ikafuata. Ikinguruma bila kwenda, gia boksi inateleza. Kwenye 80 legeza mikono kwenye usukani sehemu iliyonyooka na salama, ione kama inavuta upande, sikiliza sauti ya "uuuu" inayoongezeka na spidi, hiyo ni bering ya gurudumu. Milio ya ko-ko-ko ukikata kona yote ni sivi jointi, na kugongagonga kwenye matuta ni bushi, boljointi au shokapu. Hivi vya chini havitishi, vinapatikana na vinabadilishwa, ila viandike kila kimoja maana ndo utakavyopunguzia bei. Mshale wa joto muda wote ubaki katikati, washa na AC, ikipanda simama.

Ukirudi, peleka kwa fundi wako mwenyewe, sio aliyependekezwa na dalali, apime kwa kompyuta na ainyanyue. Ikisoma kwamba kumbukumbu za makosa zimefutwa siku hiyo hiyo, uliza kilichofutwa. Fundi mlipe vizuri, na umlipe hata kama gari hujaichukua, la sivyo atakuwa na sababu ya kutaka ununue tu.

Bei, uhamisho

Kaa chini na orodha yako ya ubovu na bei za spea ulizouliza dukani, ongea kwa upole. "Mjomba, gari nimeipenda, lakini shokapu mbili, matairi manne na bering, hesabu yake hii hapa, tukate nusu kwa nusu." Hivyo ndivyo watu wanavyoelewana, kuliko kumponda mtu gari yake.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa mwanasheria, hela ipite benki, na uhamisho TRA ufanyike mapema, wewe na yeye mkiwa na TIN na vitambulisho. Usiseme nitahamisha mwezi ujao, muuzaji akifariki au mkagombana utahangaika na warithi ambao hawakujui. Kwa mtu wa safari nyingi ninashauri bima kubwa kama mfuko unaruhusu, na stika uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Ukiwa utabeba abiria kwa malipo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wana leseni yao, ulizia kabla ya kuchagua gari.

Zile milioni 2

Oili ya injini na filta, plagi, filta ya hewa, kulanti mpya baada ya kuosha rejeta, oili ya gia boksi ya aina iliyoandikwa kwenye gari, maji ya breki, mkanda wa feni, pedi. Matairi angalia tarakimu 4 za mwisho pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, ya zamani hivyo badilisha hata kama kashata bado nzito, joto la lami ya Mkata saa 8 mchana linapasua matairi yaliyokauka. Chini ya gari pitisha dawa ya kutu, na kila ukitoka Pangani au ufukweni osha chini kwa maji baridi.

Kwa kilometa 3,000 kwa mwezi, sevisi ya kila 5,000 inakukuta kila wiki saba hivi, kwa hiyo iandike kwenye daftari dogo liwe ndani ya gari, pamoja na lita na kilometa kila unapojaza tenki. Gari iliyokuwa inakwenda 14 kwa lita ikishuka 12 bila wewe kuongeza mzigo, plagi, filta, breki inayoshika au upepo wa matairi, anzia hapo, usisubiri mpaka taa iwake.